Nani Anamdai Nani? Msamiati wa Msingi wa Biashara, Fedha na Masoko kwa Wanaojifunza Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua msamiati wa msingi wa biashara, fedha na masoko katika Kiswahili kwa kuzingatia mahitaji ya anayejifunza. Hoja kuu ni kwamba msamiati huu haufundishiki kikamilifu kwa orodha ya maneno na tafsiri zake, kwa kuwa maana ya istilahi nyingi za fedha hutokana na uhusiano wa wajibu baina ya watu: nani ametoa, nani amepokea, nani anadai na nani atabeba hasara. Makala yanaanza kwa kueleza kwa ufupi tabaka za kihistoria za msamiati huo, kisha yanachambua unyambulishaji wa vitenzi, maneno yenye maana zaidi ya moja, lugha ya riba na marejesho, na istilahi za masoko. Mwishoni yanapendekeza mpangilio wa kufundishia unaoanzia kwenye muamala badala ya alfabeti.

Maneno muhimu: istilahi, biashara, fedha, masoko, mkopo, dhamana, unyambulishaji

1.0 Utangulizi

Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali hujifunza hesabu za faida na hasara kwa Kiswahili. Anapoingia sekondari, masomo ya biashara na utunzaji wa vitabu vya hesabu hufundishwa kwa Kiingereza. Akimaliza shule na kufungua duka, hurejea kwenye Kiswahili: anajadiliana bei na msambazaji kwa Kiswahili, anamhudumia mteja kwa Kiswahili, na fomu ya mkopo, hata ikiwa haikuandikwa kwa Kiswahili, anaelezwa na afisa mikopo kwa Kiswahili. Mtu huyo huwa na akiba mbili za maneno ambazo aghalabu hazikutani. Anaweza kukumbuka istilahi ya Kiingereza aliyoikariri kwa ajili ya mtihani, lakini asijue kwamba ndiyo hiyo hiyo anayoambiwa na afisa aliyeketi mbele yake.

Mgeni anayejifunza Kiswahili ana tatizo la upande wa pili. Vitabu vingi vya kujifunzia lugha humfikisha sokoni, akaweza kuuliza bei ya nyanya na kuomba apunguziwe, lakini havimfikishi benki, ofisi ya kodi wala mkutano wa wanahisa. Makundi haya mawili yanatofautiana kwa mengi, ila yanahitaji kitu kimoja: msamiati uliopangwa kwa namna inayoonyesha jinsi maneno yanavyoshikana.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: ni lipi linalofanya neno la fedha liwe la msingi kwa anayejifunza? Jibu la kawaida hutaja marudio ya matumizi. Kigezo hicho kina nafasi yake, lakini hakitoshi. Neno *mdhamini* halisikiki kila siku kama neno *bei*. Hata hivyo, asiyelielewa anaweza kupoteza nyumba. Kwa hiyo makala haya yanachukulia kuwa neno ni la msingi pale ambapo kutolielewa kunambadilishia mtu haki au wajibu wake.

2.0 Tabaka za Msamiati wa Fedha

Msamiati wa biashara katika Kiswahili umejengeka kwa tabaka, na kila tabaka linaonyesha nani alikuwa akifanya biashara na nani. Tabaka la Kiarabu ndilo pana zaidi: *faida*, *hasara*, *riba*, *rehani*, *dhamana*, *amana*, *hesabu*, *hisa* na *dalali* ni baadhi tu ya maneno yake. Neno *fedha* lenyewe asili yake ni jina la madini ambayo sarafu zilitengenezwa kwayo. Tabaka la lugha za Bara Hindi linakumbusha wafanyabiashara na watoa mikopo wa Kihindi waliokuwa Zanzibar na pwani: *pesa*, *laki*, *hundi* na *bima*.

Utawala wa Kijerumani uliacha neno moja ambalo watumiaji wengi hawajui asili yake. Mwaka 1904 rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyokuwa ikigawanywa katika pesa 64, ilianza kugawanywa katika heller 100. Sarafu hiyo ilitoweka, lakini *hela* imebaki kuwa jina la jumla la fedha katika mazungumzo. Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, na pamoja nayo yakaja au yakaenea maneno kama *senti*, *benki*, *cheki*, *kampuni*, *bajeti* na *akaunti*.

Baada ya uhuru, tabaka jipya lilitokana na sera. Azimio la Arusha la mwaka 1967 na kutaifishwa kwa mabenki kuliingiza msamiati wa biashara katika siasa: *bepari*, *unyonyaji*, na baadaye, katika operesheni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, *mlanguzi*. Mwaka huo huo wa 1967 liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), ambalo miongoni mwa kazi zake ni kusanifisha istilahi. Miaka ya 1990 ilileta *ubinafsishaji*, *mwekezaji* na *soko la hisa*. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998. Kisha, tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, simu ya mkononi imeyapa maneno ya kawaida kazi mpya: *salio*, *wakala*, *muamala*, *makato* na *tozo*.

Historia hii ina faida ya moja kwa moja kwa anayejifunza. Inamweleza kwa nini *fedha*, *pesa* na *hela* hurejelea kitu kimoja lakini havibadilishani nafasi. Ipo *Wizara ya Fedha*, wala haiwezi kuitwa wizara ya hela. Mwenye duka anauliza kama una *hela ndogo* au *chenji*, wala si kama una fedha ndogo. Tofauti hapa ni ya rejista, na atakayeikosea ataeleweka, ila ataonekana mgeni wa mazingira husika.

3.0 Mwelekeo wa Kitenzi

Kosa la rejista hulipiwa kwa aibu. Kosa la mwelekeo hulipiwa kwa fedha. Kiswahili huonyesha nani anatoa na nani anapokea kwa kubadilisha kiambishi cha kitenzi, na hapo ndipo penye uzito wa somo hili.

Tuanze na *kopa*. Anayekopa anapokea, anayekopesha anatoa. Kutokana na mzizi huo tunapata *mkopo*, *mkopaji* na *mkopeshaji*. Muundo huo hujitokeza katika *panga* na *pangisha*, *kodi* na *kodisha*: mpangaji hupanga nyumba, mwenye nyumba huipangisha, msafiri hukodi gari, mwenye gari hukodisha. Kiambishi cha usababishi kinamhamisha mtenda kutoka upande wa kupokea hadi upande wa kutoa. Mwanafunzi akishika kanuni hii moja hahitaji kukariri jozi za maneno, kwa kuwa anaweza kuzizalisha mwenyewe.

Kitenzi *dai* kinahitaji uangalifu zaidi. *Ninamdai laki mbili* maana yake ni kwamba fedha zangu ziko kwake. *Ninadaiwa laki mbili* maana yake ni kwamba mimi ndiye ninayetakiwa kulipa. Hali ya kuwa na deni huelezwa kwa kitenzi cha kutendwa, jambo ambalo huwachanganya wanaotoka katika lugha zenye kitenzi cha kutenda kwa maana hiyo. Kutoka hapo tunapata *mdai* na *mdaiwa*, maneno mawili yanayotofautiana kwa silabi moja ilhali kisheria yamesimama pande mbili za meza. Katika daftari la duka, orodha ya wadaiwa ni mali ya mwenye duka. Orodha ya wadai ni mzigo wake. Atakayezigeuza atajiona tajiri kumbe anafilisika.

Tofauti ya *kopa* na *azima* nayo ni ya kimaana. Kinachoazimwa hurudishwa chenyewe: jembe, kitabu, baiskeli. Kinachokopwa hurudishwa kwa thamani au kiasi chake, kwa kuwa chenyewe kimekwisha tumika. Ndiyo maana mtu hukopa sukari dukani, lakini huazima sufuria kwa jirani. Kwa kutenganisha vitenzi hivi viwili, Kiswahili kinatenganisha aina mbili za wajibu ambazo sheria nayo huzitenganisha.

Kitenzi *toa* kinastahili onyo lake. Katika matumizi ya jumla, kutoa ni kumpa mwingine. Katika benki na kwa wakala, *kutoa fedha* ni kuchukua fedha zako mwenyewe kutoka kwenye akaunti. Sentensi *Nimetoa elfu hamsini* haijulikani maana yake mpaka mahali pajulikane. Kinyume chake, *weka* hubaki na maana yake ya kawaida, na kwa unyambulishaji huzaa *wekeza*: anayeweka anahifadhi, anayewekeza anatarajia fedha zizae. Kabla *uwekezaji* haujaenea, neno lililotamba lilikuwa *kitega uchumi*, ambalo bado hutumika kwa majengo na miradi. Sitiari yake ni ya mtego: fedha inategwa ili inase fedha nyingine, na kila ategaye anajua kwamba mtego unaweza kulala mtupu. Sitiari hiyo inabeba dhana ya athari ya hasara ambayo *uwekezaji* hauionyeshi waziwazi.

4.0 Neno Moja, Wajibu Mbalimbali

Kundi la pili la maneno ya msingi ni yale ambayo mwanafunzi anadhani anayajua. Mfano bora ni *dhamana*. Mahakamani, dhamana humwezesha mshtakiwa kuwa nje wakati kesi ikiendelea. Benki, dhamana ni mali inayowekwa ili mkopeshaji ajifidie mkopo usipolipwa. Katika utumishi wa umma, *waziri mwenye dhamana ya fedha* ni waziri aliyekabidhiwa jukumu hilo. Katika soko la mitaji, *dhamana za serikali* ni hati ambazo serikali hukopa kwazo kutoka kwa umma, na zile za muda mrefu huitwa *hatifungani*. Kiini cha maana zote ni kimoja, yaani kitu au mtu anayesimama badala ya ahadi. Mwalimu anayeanza na kiini hicho anawapa wanafunzi ufunguo wa maana zote nne.

Hatari kubwa zaidi iko katika *mdhamini*. Kampuni inayoweka jina lake kwenye jezi za timu ya mpira huitwa mdhamini, na wajibu wake unaishia kwenye kiasi ilichoahidi. Taasisi ina bodi ya wadhamini, ambao hushika mali kwa niaba ya wengine. Mdhamini wa mkopo ni mtu tofauti kabisa: aliyekopa asipolipa, yeye ndiye atakayefuatwa. Ndugu anapoambiwa *niwekee saini uwe mdhamini wangu*, akalichukua neno kwa maana ya kumtambulisha au kumwunga mkono mwenzake, anakuwa ameingia katika deni bila kupokea hata shilingi moja. Kamusi inayotoa kisawe kimoja tu cha neno hili haijamsaidia.

*Rehani* ni jamaa ya dhamana. Anayeweka nyumba rehani anabaki kuwa mmiliki, lakini umiliki wake umefungwa na deni. Hawezi kuuza kwa hiari yake, na akishindwa kulipa nyumba inaweza kuuzwa kwa mnada. Tofauti kati ya *kuweka rehani* na *kuuza* inapaswa kufundishwa mapema, kwa sababu migogoro ya familia huzuka pale mmoja anapodhani amefanya la kwanza kumbe hati inasema la pili.

Maneno mengine yamehama kimaana. *Rasilimali* asili yake katika Kiarabu ni "kichwa cha mali", yaani fedha ya kuanzia biashara. Leo maana hiyo imechukuliwa na *mtaji*, na rasilimali imepanuka hadi kuwa utajiri wowote unaoweza kutumika: misitu, madini, hata *rasilimali watu*. *Ukwasi* umehama kwa namna ya kuvutia zaidi. Mkwasi ni tajiri, na ukwasi ni utajiri. Katika lugha ya kibenki, hata hivyo, ukwasi ni upatikanaji wa fedha taslimu au mali inayogeuka fedha haraka. Kwa maana hiyo mpya, mtu anaweza kuwa mkwasi asiye na ukwasi: ana viwanja vitatu, lakini hana ada ya shule ya mwezi huu.

Mipaka ya nchi nayo hubadili maana. Tanzania, *kodi* ni malipo kwa serikali na pia ni malipo ya pango, na muktadha pekee ndio unaotofautisha. Kenya, malipo ya jumla kwa serikali huitwa *ushuru*, na kodi mara nyingi ni ya nyumba. Nchini Tanzania *ushuru* umebaki kwa malipo mahususi kama ushuru wa forodha au wa mazao. Vilevile, kile Wakenya wanachokiita *chama*, yaani kikundi cha kuchangiana fedha, Watanzania hukiita *upatu* au *kikoba* kulingana na utaratibu wake: katika upatu michango hupewa mwanachama mmoja kwa zamu, katika kikoba wanachama hununua hisa, hukopeshana na hugawana faida mwisho wa mzunguko.

5.0 Riba na Marejesho

Hakuna mahali ambapo lugha na hesabu hukutana kwa ukali kama katika riba. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu anakopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, na anaambiwa riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Sentensi hiyo ina tafsiri mbili halali.

Ikiwa riba inakokotolewa juu ya mkopo wote wa awali, kila mwezi atatozwa shilingi 24,000, na mwisho wa mwaka riba itafika shilingi 288,000. Ikiwa riba inakokotolewa juu ya *salio la deni*, na analipa shilingi 100,000 za mkopo kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 24,000, mwezi wa pili 22,000, na mwezi wa mwisho 2,000. Jumla ni shilingi 156,000. Mkopo ni uleule na asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 132,000. Tofauti yote imo katika maneno mawili: *mkopo wa awali* au *salio*.

Kwa hiyo anayejifunza hapaswi kuridhika na kujua kwamba riba ni nyongeza juu ya mkopo. Anapaswa kuweza kuuliza: riba ya asilimia ngapi, kwa muda gani, juu ya kiasi kipi? Pia ajue kutenganisha *riba*, *ada ya mkopo*, *makato* na *faini ya kuchelewesha marejesho*, kwa sababu mkopo unaweza kutangazwa kuwa na riba ndogo huku gharama zikiwa zimehamishiwa kwenye ada. Kwa Waislamu swali lina uzito wa kidini, kwa kuwa riba imekatazwa. Benki zinazofuata misingi ya Kiislamu hutumia mikataba ya mauzo au ya ubia, na humo huzungumziwa *faida*.

Jamii imekwisha kulijibu tatizo hili kwa maneno yake yenyewe. Mikopo ya mitaani yenye masharti mazito inaitwa nchini Tanzania *kausha damu*. Methali ya kale nayo inasema *kukopa harusi, kulipa matanga*. Neno la mtaani na methali hufanya kazi ambayo istilahi rasmi haiifanyi, yaani kumwonya mkopaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka watoa mikopo midogo chini ya usimamizi; lakini ulinzi wa sheria humfikia kikamilifu yule anayeielewa lugha ya mkataba wake.

6.0 Lugha ya Masoko

Istilahi za masoko ni changa zaidi kuliko za fedha, na nyingi zimepatikana kwa kupanua maneno yaliyokuwapo. *Soko* ni mahali. *Masoko* katika *afisa masoko* ni taaluma ya kumtafuta na kumhifadhi mteja. *Chapa*, ambayo awali ilikuwa alama anayopigwa ng'ombe au maandishi yaliyopigwa mtamboni, sasa ni utambulisho wa bidhaa kwa ujumla wake, ilhali *nembo* ni mchoro tu unaouwakilisha. *Mlaji* ni yeyote anayetumia bidhaa, hata kama bidhaa yenyewe ni betri. Ugeni wa sitiari hiyo kwa baadhi ya wasikilizaji unaeleza kwa nini *mtumiaji* limekuwa likishindana nalo.

Maneno ya bei yanahitaji usahihi uleule tulioudai kwa riba. *Bei ya jumla* na *bei ya rejareja* hutofautishwa kwa wingi wa bidhaa. *Bei elekezi* hutolewa na mamlaka ili kuongoza soko. *Bei kikomo*, kama zile za mafuta zinazotangazwa na EWURA, ni dari ambayo muuzaji haruhusiwi kuivuka. Anayechanganya hizi mbili hatajua lini ana haki ya kulalamika. Aidha *mauzo*, *mapato* na *faida* havilingani: duka linaweza kuwa na mauzo makubwa na lisipate faida, na mwenye duka asiyetenganisha maneno hayo hula mtaji wake akidhani anakula faida.

Kuna pia mgongano wa fikra ndani ya lugha yenyewe. Methali inasema *chema chajiuza, kibaya chajitembeza*, lakini msemo wa siku hizi unadai kuwa *biashara ni matangazo*. Zikiwekwa pamoja darasani, kauli hizi mbili hufungua mjadala kuhusu ubora na utangazaji ambao orodha ya istilahi haiwezi kuufungua.

7.0 Athari kwa Ufundishaji

Uchambuzi huu unaelekeza kwenye mapendekezo matatu. Kwanza, kipimo cha kufundishia kiwe muamala. Somo moja lichukue mkopo kuanzia maombi hadi rejesho la mwisho, na maneno yajitokeze kwa zamu yake: *mwombaji*, *dhamana*, *mdhamini*, *riba*, *marejesho*, *salio*, *stakabadhi*. Somo jingine lifuate bidhaa kutoka kwa mzalishaji hadi kwa mlaji, likipitia *ankara*, *bei ya jumla*, *mauzo* na *faida*.

Pili, kila neno lifundishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili: mdai na mdaiwa, mpangaji na mwenye nyumba, mali na dhima. Hati ya *mizania*, ambayo jina lake linatokana na mizani, imejengwa kwa mantiki hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyezoea kuona pande mbili za muamala hataiona ngeni.

Tatu, upimaji usiishie kwenye kuuliza maana ya neno. Mwanafunzi apewe sentensi ya mkataba na aulizwe nani atalipa, lini, na nini kitatokea asipolipa. Akijibu kwa usahihi, amelielewa neno hata kama hawezi kutoa fasili ya kamusi. Akitoa fasili nzuri lakini akashindwa kumtaja mlipaji, bado hajalielewa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kuelezea shughuli za biashara, fedha na masoko, na kwamba sehemu kubwa ya msamiati huo ina mfumo unaoweza kufundishika. Ugumu unaowakabili wanaojifunza hausababishwi na uhaba wa maneno. Unasababishwa na kuyatoa maneno nje ya mahusiano yanayoyapa maana. Waswahili husema *mali bila daftari hupotea bila habari*. Ila daftari nalo halimfai asiyejua ni upande upi wa ukurasa ulioandikwa anachodai na upi ulioandikwa anachodaiwa. Utafiti zaidi unahitajika hasa katika lugha ya mikataba ya mikopo inayotolewa kwa simu, ambako mkopaji hukubali masharti kwa kubonyeza kitufe kimoja, bila afisa wa kumwuliza neno asilolielewa.